Laini moja, kompyuta nne

Kata ya Levolosi iko pua na mdomo na katikati ya jiji la Arusha. Mkazi wake hahitaji daladala kwenda mjini, na akiugua ana Kituo cha Afya Levolosi. Nyumba nyingi za huko zina mpangilio unaofanana: geti moja, ua mmoja, vyumba vingi. Mbele anakaa mwenye nyumba na familia yake. Nyuma kuna safu ya vyumba vya kupanga, na humo utamkuta mwanafunzi wa chuo, fundi simu, dada wa saluni, na kijana wa kampuni ya utalii ambaye wateja wake wako Ujerumani, hivyo barua pepe zinaendelea kuingia watu wakiwa wanakula chakula cha usiku. Bomba la maji ni moja. Mita ya umeme ya LUKU mara nyingi ni moja, na ugomvi wake kila aliyewahi kupanga anaujua. Intaneti peke yake ndiyo kila mtu anajinunulia kivyake, asubuhi, kwenye simu, bando la siku.

Hapo ndipo pesa ya nyumba inapovuja. Watu wakisikia habari ya kuweka waifai nyumbani, mawazo hukimbilia dukani: rauta gani, antena ngapi, bei gani. Lakini rauta unainunua mara moja. Kinachommaliza mtu ni laini, mwezi baada ya mwezi, na njia za kuifanya iwe nafuu ni mbili tu. Wengi watumie laini moja, na kila kisicho na haja ya kutoka nje ya geti kibaki ndani ya geti. La kwanza linaeleweka upesi. La pili wengi hawajawahi hata kuambiwa kwamba linawezekana.

Tuanze na hesabu. Tarehe 2 Aprili 2021 vifurushi vipya vya kampuni za simu vilianza kutumika, wananchi wakapiga kelele nchi nzima, na vikasitishwa upesi. Katika mjadala wa bei uliofuata, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitaja mipaka ya bei ya data ndani ya vifurushi: kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja. Kwa GB moja yenye MB 1,024, hiyo ni kuanzia shilingi 2,079 hadi shilingi 9,574. Anayenunua kwa jumla, ya mwezi mzima, husogea upande wa chini wa mipaka hiyo. Anayenunua ya buku leo na ya buku kesho husogea upande wa juu, na huyo kwa kawaida ndiye mwenye kipato kidogo.

Sasa chukua laini ya mwezi isiyopimwa kwa GB bali kwa kasi, tuseme megabiti 10 kwa sekunde. Biti nane hufanya baiti moja, kwa hiyo laini hiyo inapitisha MB 1.25 kila sekunde. Ikikimbia saa nzima bila kupumzika inaweza kubeba MB 4,500. Kwa bei ile ya chini kabisa ya vifurushi, saa hiyo moja ingekula zaidi ya shilingi 9,000.

Watu wanne wakinunua kila mmoja bando la shilingi 1,000 kwa siku, ua mzima unalipa shilingi 120,000 kwa mwezi, na hakuna anayeshtuka kwa sababu zinatoka kidogo kidogo. Tuseme laini ni shilingi 60,000 kwa mwezi: kwa wanne hao ni 15,000 kila kichwa. Weka bei ya laini unayoweza kuipata mtaani kwako badala ya hiyo. Hesabu ni ile ile.

Swali linalofuata huwa ni kama megabiti 10 zinatosha watu wanne. Zinatosha, mradi mtu ajue anapima nini. Kikao cha video kinahitaji megabiti 1 hadi 2. Video ya kawaida ya kutazama inahitaji kiasi kama hicho, au zaidi kidogo. Kusoma kurasa na barua pepe ni kidogo sana, tena kwa vipindi: unafungua ukurasa, laini inafanya kazi sekunde mbili, kisha inakaa bure dakika nzima unaposoma. Wanne hao hawavuti kwa sekunde ile ile. Atakayewaumiza wenzake ni anayetazama sinema kwa ubora wa juu, ambao unaweza kula GB 3 kwa saa, au kijana wa utalii anapotuma picha mia mbili za Ngorongoro kwa mkupuo. Huyu wa pili anastahili kuulizia jambo moja kabla hajalipa: kasi ya kupakia. Matangazo hutaja kasi ya kupakua kwa herufi kubwa na kunyamazia ya kupakia, na kwa kazi yake hiyo iliyonyamaziwa ndiyo inayomlisha.

Arusha ina historia yake katika kuchangia laini, na haisimuliwi inavyostahili. Katika miaka ya 1990, wakati sehemu kubwa ya nchi haijawahi kusikia neno intaneti, hapa mjini kulikuwa na mtandao wa wanachama ulioitwa Arusha Node Marie. Haukuwa intaneti kama tunayoijua. Mtu aliandika barua yake kwenye kompyuta isiyounganishwa na kitu chochote, barua ikawekwa kwenye foleni, na muda ukifika modemu ikapiga simu. Barua za watu wote zilifungashwa pamoja zikapakiwa kwa mkupuo, zilizoingia zikapakuliwa, simu ikakatwa. Dakika za simu ya masafa zilikuwa ghali, kwa hiyo werevu wote ulikuwa katika kuzitumia dakika chache kwa niaba ya watu wengi. Mbegu hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Habari Node, kampuni ya huduma za intaneti ya papa hapa Arusha.

Wateja walikuwepo. Kampuni za safari zilihitaji kuwasiliana na mawakala wa Ulaya na Marekani. Mashirika ya misaada yalikuwa tele. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda mwezi Novemba 1994, na mwezi Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Mji ambao ukubwa wake haukuwa wa kutisha ukajikuta na watu wengi waliohitaji kuandikiana na dunia kila siku.

Kwa kipindi kirefu kabla ya waya wa SEACOM wa chini ya bahari kutua Dar es Salaam mwezi Julai 2009, mawasiliano ya nje yalipanda kwenye setilaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000 juu ya ikweta, yakashuka upande wa pili wa dunia. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha, kama si bei. Barua pepe kutoka ofisi moja ya Arusha kwenda ofisi ya Njiro, papo hapo mjini, iliyojiunga na kampuni nyingine, iliweza kupanda angani, ikatua Ulaya au Marekani, kisha ikarudi tena kwa setilaiti hadi Njiro, na kampuni zote mbili zikalipia safari hiyo. Dawa yake ilikuwa kuweka kituo cha kubadilishana mizigo ya ndani. Dar es Salaam ilipata chake mwaka 2004, TIX, na Arusha nayo ikapata cha kwake, AIXP. Kampuni zinaleta nyaya zao kwenye chumba kimoja, na cha Arusha kinakwenda Arusha bila kupitia London.

Kanuni iliyofanya kazi mjini inafanya kazi pia uani Levolosi, na ndiyo ile ya pili niliyoitaja. Rauta ya nyumbani inafanya kazi mbili tofauti ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuunganisha kompyuta na simu za nyumbani zenyewe kwa zenyewe. Ya pili ni kuzitoa zote nje kupitia laini moja. Kazi ya kwanza haihitaji bando hata la shilingi mia. Laini ikikatika, rauta ikiwa na umeme, waifai ya nyumbani bado iko hai: printa inachapa kutoka kompyuta yoyote, mwanafunzi anachukua faili kutoka kompyuta ya mwenzake, sinema iliyopakuliwa jana inaangaliwa sebuleni. Ajabu ni kwamba watu walio mita kumi kutoka kwa mwenzao hutumiana faili la GB nzima kupitia WhatsApp, likaenda ng'ambo na kurudi, wakalilipia mara mbili.

Mlaji mkubwa zaidi, tena asiyeonekana, ni masasisho ya Windows. Kompyuta nne, kila moja ikijipakulia masasisho yake usiku, zinaweza kumeza GB kadhaa kwa mwezi bila mtu kugusa kitufe. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, kwenye mipangilio ya masasisho kuna sehemu inayoruhusu kompyuta kupeana vipande vya masasisho. Chagua zipeane na zile za mtandao wa nyumbani tu, wala si na kompyuta za watu wa intaneti, maana hapo utakuwa unawapakulia wageni kwa laini yako. Kompyuta ya kwanza ikishaleta, zilizobaki huchukua kwake sehemu kubwa ya mzigo. Na kama laini yenu inahesabiwa kwa GB, iambie Windows kwamba muunganisho huo ni wa kupimwa, itapunguza ulafi.

Kwa wenye watoto wa shule kuna zaidi ya hayo. Programu ya Kiwix, ya bure, inahifadhi Wikipedia nzima kwenye kompyuta na kuisambaza kwa vifaa vyote vya nyumbani bila intaneti. Ya Kiswahili ni ndogo, haitakusumbua. Ya Kiingereza yenye picha inafika kama GB 100, ambazo kwa laini ya megabiti 10 ni saa 22 au 23 za kupakua. Gawanya kwa usiku kadhaa, baada ya watu kulala. Laptopu ya zamani ambayo betri yake imekufa, iliyokuwa inangoja kuuzwa kwa bei ya kutupa, inatosha kabisa kwa kazi hii. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya, nyumba yenye kitu kama hicho iliendelea kusoma.

Turudi kwenye laini yenyewe. Kwa mtu wa Levolosi njia ni tatu. Kuna faiba, ambayo ikipita kwenye nguzo ya mtaa wako usitafute kingine: haijali mvua, haijali majani, na mara nyingi kifaa chake kinaletwa na kampuni. Kuna huduma ya antena ya paani, ambapo kampuni inafunga kidishi kinachotazama mnara wao. Na kuna rauta ya laini ya simu, ya 4G au 5G, ambayo unachomeka tu kwenye umeme. Hii ya mwisho ndiyo rahisi kuanza nayo na ndiyo inayoudhi zaidi baadaye, kwa sababu mnara unaochangia na mtaa mzima huelemewa jioni. Wapo wanaotamani dishi la Starlink, maana Kenya ilipata huduma hiyo mwezi Julai 2023 na mpaka wa Namanga si mbali. Hadi mwaka 2024 huduma hiyo haikuwa na leseni Tanzania. Bila leseni hiyo, kuvusha kifaa mpakani na kukifunga paani ni kununua kesi.

Ukichukua ya laini ya simu, kabla ya kuamua rauta ikae wapi zunguka nyumba nzima ukiwa na simu iliyo na laini ya kampuni hiyo hiyo. Vile vijiti vya mtandao vilivyo juu ya kioo usiviamini sana. Ndani ya mipangilio ya simu, sehemu ya hali ya laini, kuna namba yenye alama ya kutoa: inayokaribia -80 ni nzuri, ya -110 ni ya kubahatisha. Arusha imeinamia kusini kutoka mgongoni mwa Mlima Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, na imekatwakatwa na makorongo ya mito kama Naura na Themi. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kupata mawimbi tofauti kabisa kwa sababu moja iko ukingoni na nyingine imezama. Dirisha la upande sahihi linaweza kuizidi rauta ya bei mbaya iliyowekwa upande usio sahihi.

Baada ya laini, waifai. Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema, wakidhani kifaa ni kibovu.

Mazungumzo ya fundi na mama mwenye nyumba huwa yanaenda hivi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Mama, hii rauta ikikaa humu kabatini kwenye TV haitafika kwa wapangaji." "Sasa nikiiweka nje koridoni, si wataibeba?" Wote wawili wana hoja. Waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 hupita kwenye mbao na gipsamu bila shida, hupungua kwenye ukuta wa tofali la saruji, na huteseka vibaya kwenye zege lenye nondo, bati, kioo cha kujitazamia na simtanki lililojaa maji. Masafa ya gigahezi 5 ni ya kasi zaidi lakini hushindwa na kuta mapema zaidi. Rauta iliyo pembeni kabisa ya nyumba ya mbele, nyuma ya TV, ndani ya kabati, inapeleka nusu ya nguvu yake kwa jirani wa upande wa pili wa uzio. Muafaka ni kuiweka juu, karibu na dari, kwenye ukuta unaotazama ua, ndani ya nyumba ya mama. Haibebeki, na inaona vyumba vya nyuma kupitia dirisha badala ya kupitia kuta tatu.

Na kijani cha Arusha nacho kina bei yake. Mgomba au mparachichi uliosimama kati ya nyumba mbili unapunguza mawimbi, na masika ukishalowa unayapunguza zaidi, kwa kuwa maji ndiyo yanayoyanyonya. Wapangaji wanaosema waifai "inaumwa" mwezi Aprili hawaoti.

Kama unadhani tatizo ni umbali, sikiliza hili. Mwaka 2007 nchini Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyo umbali wa kilomita 382 kwa waifai, wakitumia rauta za dukani zilizobadilishiwa programu pamoja na madishi. Huo ni umbali mrefu kuliko Arusha hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka. Waliweza kwa sababu kati ya vilele hivyo hapakuwa na ukuta wala mgomba. Pietrosemoli alikuja kuwa mmoja wa walimu wa mbinu hizi kwa mafundi wa nchi zinazoendelea, kupitia kituo cha fizikia cha ICTP kilichoko Trieste, Italia. Kwa hiyo mita kumi na mbili za ua wa Levolosi hazikushindi kwa urefu wake. Zinakushinda kwa kilichosimama katikati.

Ikiwa chumba cha mwisho bado hakipati, duka litakuuzia kifaa cha kurudia mawimbi. Sikipendi. Kifaa cha aina hiyo husikia na kusema kwa masafa yale yale, hivyo kasi hukatika karibu nusu, na kikiwekwa pale pale ambapo mawimbi ni hafifu kinarudia huo uhafifu. Bora waya. Kebo ya mtandao inabeba kasi yote hadi mita 100, na kwa ua wa kawaida utatumia ishirini au thelathini. Ipitishe kwenye bomba la plastiki la mafundi umeme, izikwe kidogo, isining'inie hewani kati ya mapaa ambako radi ya masika itaifuata hadi kwenye kompyuta. Upande wa pili funga rauta ya zamani, hata ile iliyotupwa na kampuni baada ya mkataba kuisha, ilimradi inaingilika. Kuna mambo mawili ya kukumbuka: zima uwezo wake wa kugawa anwani, kwa sababu rauta mbili zikigawa anwani nyumba moja ni vurugu, na chomeka kebo kwenye mlango wa kawaida, si ule wenye rangi tofauti wa kuingizia intaneti. Ipe jina na neno la siri lile lile la rauta ya kwanza, na chaneli tofauti.

Kuhusu chaneli: masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11. Levolosi ni mtaa wa nyumba zilizobanana, na programu ya bure ya simu itakuonyesha majirani wote wamejaa wapi. Hamia palipo na nafasi. Kazi ya dakika tano hiyo, na haina gharama.

Nimesema rauta si gharama kubwa, lakini watu huifanya iwe kubwa. Kuna za antena nane, zimekaa mezani kama buibui aliyekufa chali, na bei yake inalipa miezi kadhaa ya laini. Kwa laini ya megabiti 10 au 20 hazitakuongezea kitu; foleni iko kwenye laini. Nunua yenye masafa yote mawili na milango ya waya minne, basi. Za mtumba kutoka Ulaya ni nafuu, ila nyingi zimefungwa kwa kampuni za kwao, kwa hiyo muuzaji akuwashie mbele yako na muingie wote kwenye mipangilio kabla hujatoa hela.

Mtu anaweza kujiuliza laini moja inawezaje kuwatambua watu wanne bila kuwachanganya. Rauta inapewa anwani moja ya nje na kampuni, kisha yenyewe inagawa anwani za ndani, zile zinazoanza na 192.168, na kukumbuka nani aliomba nini. Ujanja huo ulipoandikwa rasmi mwaka 1994 ulitolewa kama tiba ya muda, hadi anwani mpya nyingi zaidi zipatikane. Miaka zaidi ya thelathini baadaye ungali unafanya kazi kwenye kila ua wenye waifai, na ndio unaofanya kampuni ikuone wewe mmoja hata mkiwa kumi.

Kuonekana mmoja kuna upande wake wa pili. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020, kila laini ya simu ina mtu wake anayejulikana. Likifanyika jambo baya kupitia laini hiyo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina adhabu nzito, atakayeulizwa kwanza ni mwenye jina, hata kama alikuwa amelala. Kwa hiyo neno la siri la waifai lisiwe namba ya simu ya mama wala jina la mtaa. Badilisha na lile la kuingilia mipangilio ya rauta, ambalo kiwandani huwa ni neno ambalo kila chalii wa mtaani analijua. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Zima kitufe cha kuunganisha bila neno la siri. Wageni wapewe mtandao wa wageni, ambao rauta nyingi za sasa zinao, ili asiyehusika asifike kwenye kompyuta za ndani. Rauta hizo hizo mara nyingi zinaweza pia kuweka kikomo cha kasi kwa kila kifaa, na hapo mtazamaji wa sinema anawekewa mpaka bila ugomvi wa mdomo.

Kuchangia gharama na watu wa ua wako si sawa na kuuza. Ukianza kuvuta waya hadi nyumba ya tatu na kutoza kila jirani, umekuwa mtoa huduma, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka leseni ya TCRA kwa kazi hiyo. Mikataba mingi ya laini za nyumbani nayo inakataza kuuza tena. Soma karatasi kabla hujaipanua biashara. Watu wenye nia ya kuunganisha mtaa au kijiji kizima wana njia yao: Kondoa, mkoani Dodoma, kuna mtandao wa jamii uliosimamishwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na Kibera, Nairobi, kuna TunapandaNET inayounganisha shule na vituo vya vijana. Hizo ni kazi za vikundi vilivyojipanga, si za kebo iliyorushwa juu ya uzio usiku.

Umeme ni jambo dogo kuliko linavyoonekana. Rauta ya kawaida inatumia wati 10 hivi, ambazo kwa mwezi mzima bila kuzimwa ni uniti 7 za LUKU. Nyingi zinatumia volti 12, kwa hiyo kibetri kidogo cha akiba kinachouzwa kwa ajili hiyo kinaishikilia saa kadhaa TANESCO wakikata. Laptopu zina betri zake, simu zina zake. Kinachozima intaneti ya nyumba nzima mara nyingi ni hicho kifaa kimoja cha wati 10.

Linalobaki ni la watu, na ni bora liandikwe siku ya kwanza, kwenye karatasi ya daftari, kila mmoja atie sahihi. Laini iko kwa jina la nani. Inalipwa tarehe ngapi, na asiyelipa anatolewa siku ya ngapi, jambo ambalo rauta inalifanya kwa kubadilisha neno la siri tu. Mama mwenye nyumba analipa fungu sawa na wapangaji au anahesabiwa watoto wake watatu. Hili huleta maneno kuliko yote. Wapangaji huhama, kodi ya miezi mitatu au sita ikiisha mtu anabeba godoro na kwenda Sakina au Njiro, na ndipo swali linapozuka la nani anaondoka na nini. Utaratibu unaofaa ni huu: rauta ya laini inunuliwe na mwenye jina la laini na ibaki kwake, kebo iliyozikwa iwe mali ya nyumba na mama amrudishie aliyeinunua fedha yake kidogo kidogo kwenye kodi, na rauta ya chumba cha nyuma aondoke nayo aliyeinunua. Mpangaji mpya akija ataambiwa kodi ya chumba, siku yake ya LUKU, na fungu lake la intaneti.